Yule Mwanamke wa Mlangoni

Kwa karibu miaka mitano niliamini kwamba kwenye Shutter, sinema ya kutisha ya Thailand, kuna mwanamke amesimama kando ya mlango, ndani ya nyumba ya yule kijana mpiga picha, na kwamba duniani kote waliomwona ni watu wawili tu: mimi na binamu yangu. Hakuwa mzimu wa kwenye hadithi yenyewe. Huyo tulishamjua, nywele zake ndefu, macho yake, anavyotambaa. Huyu wa mlangoni alikuwa mwingine. Alionekana nusu, ukuta ukipita katikati ya mwili wake, na ukibonyeza rimoti kidogo tu, hayupo.

Ilikuwa 2006. Diski tuliinunua Kariakoo kwa kijana aliyezipanga juu ya turubai, zile za picha kumi kwenye diski moja, jalada limejaa vichwa vya watu waliotoka nchi nne tofauti lakini mtaani wote tuliwaita Wachina. "Chukua hii, dogo," aliniambia, "ukiangalia peke yako usinilaumu." Sikuwa na mpango wa kuangalia peke yangu. Nilikuwa na deki, TV ya chogo ya inchi 14, na binamu aliyekuja likizo kutoka Morogoro. Bibi alikuwa amelala chumba cha pili, kwa hiyo sauti ilibidi iwe ndogo sana. Naona hilo ndilo lililotuponza. Ukipunguza sauti ya picha ya kutisha unaisogelea TV, na ukishaisogelea TV, uso wa mtu mfu unakuwa shubiri moja kutoka wako.

Thailand tuliyoijua mpaka hapo ilikuwa ya Tony Jaa, yule mwigizaji wa picha za mapigano. Ong-Bak ya 2003 ilipigwa kwenye vibanda umiza mpaka tukajua kila kiwiko kinamshukia nani. Shutter sikuwahi kuiona kibandani, na naelewa. Kibanda kinataka kelele: wateja wanabishana, mtafsiri anajazia utani pale mhusika anapokaa kimya. Picha hii inategemea mtu kukaa kimya akisikiliza. Ukiiwekea mtafsiri mchangamfu, umeimaliza. Ni picha ya nyumbani, ya usiku, ya watu wawili wanaobania sauti.

Kiswahili chetu kinafanya jambo hapa ambalo nimelifikiria sana. Tunasema "twende tukaangalie picha" na "twende tukapige picha", neno lile lile. Sasa Shutter ni picha inayohusu picha. Jina lake la Kithai lina maneno zaidi ya hilo la Kiingereza: baada ya "shutter", kile kilango cha kamera kinachofunguka ukibonyeza, yanafuata kot tit winyan, yaani bonyeza, roho inanasa. Waongozaji walikuwa wawili, Banjong Pisanthanakun na Parkpoom Wongpoom, na Banjong alikuwa hajatimiza miaka 25 picha ilipoingia kumbini Bangkok, Septemba 2004. Kampuni ya GTH iliyoitoa nayo ilikuwa imezaliwa mwaka huo huo, kwa kuunganisha kampuni tatu. Vijana, kampuni changa, na hadithi ambayo ukiisimulia harakaharaka ni ya kawaida kabisa.

Tun ni mpiga picha. Usiku mmoja anatoka kwenye sherehe ya marafiki zake wa chuo, mpenzi wake Jane anaendesha gari. Wanamgonga msichana barabarani. Jane anataka kushuka, Tun anamwambia endesha. Wanaondoka. Baada ya hapo picha anazopiga Tun zinaanza kuwa na kasoro: mistari myeupe, vivuli, kitu kama uso nyuma ya wahitimu waliovaa majoho. Shingo inaanza kumuuma. Marafiki zake wale wa chuo wanaanza kufa, kila mmoja kwa kujirusha kutoka juu.

Anayechunguza ni Jane. Watu wengi wakiikumbuka picha hii wanamkumbuka Tun na mzimu wake, lakini bila Jane hakuna hadithi, kwa sababu Tun hataki kujua chochote. Jane ndiye anayefuatilia zile picha mpaka kwenye maabara ya chuo. Ndiye anayeuliza huyu msichana ni nani. Anaitwa Natre, alisoma nao, na kumbe aliwahi kuwa mpenzi wa Tun, kwa siri, maana Tun alimwonea aibu.

Tuliiangalia mara ya kwanza moja kwa moja bila kugusa rimoti, tukalala taa ikiwaka. Usiku wa pili ndipo binamu yangu alipopata wazo lake. Kuna tukio ambalo Tun yuko studio usiku na umeme unazimika. Giza totoro. Halafu flashi ya studio inaanza kuwaka yenyewe. Inawaka, unaona chumba kitupu. Giza. Inawaka tena, kuna kitu kule mwisho. Giza. Kila ikiwaka kitu kimesogea, na hukioni kikitembea hata mara moja, unakuta tu kimeshafika. Binamu akasema, "Tukiisimamisha kati ya flashi mbili, tutamwona anavyokuja."

Basi tukaanza. Kitufe cha vijiti viwili, bonyeza, achia, bonyeza. Kwenye TV ya chogo picha iliyosimamishwa haitulii: inatetemeka, mistari inapandiana juu chini kama inayotaka kutoka. Kwa hiyo hata ukuta mtupu ulikuwa unahema. Kati ya flashi hatukukuta kitu, giza tu, na giza lenyewe kwenye diski ile lilikuwa vipande vya mraba, vyeusi na vya kijivu, maana picha kumi zilikuwa zimesongamanishwa kwenye diski ambayo kwa haki ingebeba moja au mbili. Tukahamia matukio mengine. Tukaikagua nyumba ya Tun kona kwa kona. Na karibu saa saba usiku, binamu akanishika mkono, akasema, "Rudi nyuma. Rudi kidogo. Hapo."

Mlango, ukuta, na mwanamke aliyekuwa ukuta na mwanamke kwa wakati mmoja.

Hatukumwambia mtu. Ungemwambia nani? Diski ukaifungia kwenye gazeti ukaiweka juu ya kabati.

Biashara ya picha zenye mizimu ni ya zamani kuliko sinema. Miaka ya 1860, kule Boston, alikuwepo mtu anaitwa William Mumler, mchonga vito aliyegeuka mpiga picha. Ulikwenda kwake ukiwa na msiba, unakaa kwenye kiti, unapigwa picha, na ikitoka nyuma yako amesimama marehemu wako, hafifu kama mvuke. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani iliua vijana wengi, wateja hawakukosekana. Mwaka 1869 alifikishwa mahakamani New York kwa utapeli, ikashindikana kuthibitisha alivyofanya, akaachiwa. Miaka michache baadaye akampiga picha mjane wa Abraham Lincoln, na Lincoln mwenyewe akaonekana nyuma, mikono mabegani mwa mkewe. Namna ya kulifanya jambo hilo inajulikana: kioo kimoja, ambacho ndicho kilichokuwa filamu ya enzi hizo, kikipigwa picha mara mbili, wa kwanza anabaki kama kivuli ndani ya wa pili.

Shutter inalijua hilo vizuri. Katikati ya hadithi Tun na Jane wanakwenda kwa mhariri wa jarida la picha za mizimu, na mzee yule anawaonyesha bila aibu kwamba nyingi anatengeneza. Wasomaji wanapenda, afanyeje? Halafu anawatolea za Polaroid, zile zinazotoka kwenye kamera papo hapo. Hizi, anasema, hazina negativu, ile filamu ambayo picha husafishwa kutoka kwake, hakuna mahali pa kuzichezea. Kuanzia hapo kamera ya Polaroid ndiyo inakuwa shahidi pekee wa kuaminika kwenye hadithi.

Diski halali niliipata kama mwaka 2011. Shemeji yangu alikuwa anasoma Uingereza na nilimwagizia. Huko picha hii ilitolewa na Tartan, kampuni ya Hamish McAlpine iliyokuwa na safu maalumu ya picha kali za Asia. Kama umewahi kuangalia picha ya Kikorea au ya Kijapani ya miaka ile ukiwa Ulaya, kuna uwezekano mkubwa ilipitia mikononi mwao. Kampuni ilianguka 2008. Mwaka huo ulikuwa na nuksi kwa mambo yote yanayohusu hadithi hii: Tartan ikafa, Polaroid ikatangaza kuacha kutengeneza filamu zake, na Wamarekani wakatoa Shutter yao iliyohamishiwa Tokyo, chini ya mwongozaji Mjapani Masayuki Ochiai. Ya Wamarekani niliiona na sina la kuisemea. Hasara yake kubwa ni kwamba mpaka leo ukimwomba muuzaji Shutter, anakupa hiyo.

Nikaitia diski kwenye deki. Ikakataa. Maandishi kwenye kioo yakasema eneo si sahihi.

Wenye umri wangu mnakumbuka. Walioziunda DVD waliigawa dunia vipande sita kama watu wa mkutano wa Berlin, ili picha ya Marekani isiuzwe Ulaya kabla ya wakati wake. Marekani na Kanada eneo la 1. Ulaya na Japani la 2. Thailand, picha ilikozaliwa, la 3. Sisi, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi, tukawekwa la 5. Kwa hiyo diski ya Bangkok isingecheza kwangu, ya London isingecheza kwangu, na ya eneo la 5 sijawahi kuiona ikiuzwa duka lolote la Dar. Ile ya kwenye turubai haikuwa na eneo. Ilicheza popote. Unaweza kumlaumu sana mharamia, na ana makosa yake nitakayoyataja sasa hivi, lakini kwa upande wa kunifikishia picha alikuwa hana mpinzani. Fundi mmoja alinionyesha namba za kubonyeza kwenye rimoti, deki ikafungua menyu iliyofichwa, nikaweka eneo 0, mambo yakaisha.

Na nilichofanya kwanza, kabla hata ya kuanza picha mwanzo, ni kwenda moja kwa moja mlangoni.

Hayupo. Ukuta msafi. Nikasogeza mbele hatua moja, tukio likabadilika: uso wa Jane, karibu, amegeuka kidogo kushoto. Nikarudisha nyuma: ukuta. Mbele: Jane. Ukuta, Jane. Nilikaa nikibonyeza hivyo kama mwehu mpaka nikaelewa. Mfumo wa video wa Marekani na Japani, NTSC, unapitisha picha karibu 30 kwa sekunde. Wetu wa PAL unapitisha 25. Anayehamisha kutoka mmoja kwenda mwingine kwa mashine ya bei poa anabaki na picha za ziada, na mashine hiyo badala ya kuzipanga upya inazilaza mbili mbili, moja juu ya nyingine. Ndani ya tukio moja hilo hulioni, linaleta ukungu kidogo tu kwenye mwendo. Lakini pale tukio moja linapokatwa na jingine kuanza, picha ya mwisho ya huku inalala juu ya picha ya kwanza ya kule. Ukuta wa huku, uso wa kule. Mzimu wangu wa miaka mitano alikuwa Jane wa tukio linalofuata, amenaswa kwa ujanja ule ule wa Mumler, na hakuna aliyekusudia.

Hata mfumo halali una vituko vyake. Sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo kwa kawaida kuiweka kwenye PAL ni kuikimbiza kidogo, asilimia nne hivi. Picha ya dakika 97, kama hii, inakuwa ya 93, na sauti za watu zinapanda uzi. Yaani kila aliyekaa sebuleni na picha ya aina hii aliangalia kitu tofauti kidogo na walioingia ukumbini Bangkok.

Sasa, kama hujaiona na unataka kuiona, ishia hapa urudi baadaye. Nitataja mwisho.

Kosa letu sisi wawili lilikuwa kumtafuta Natre kwenye kona. Tulifikiri mzimu ni kitu kinachojificha kwenye giza la nyuma, na picha inakuchochea ufikiri hivyo, inakupa lupa, inakupa chumba cha kusafishia filamu chenye taa nyekundu. Kumbe muda wote ipo ile shingo. Tun anashika shingo yake tangu mwanzo. Anakwenda kwa daktari, anapandishwa kwenye mizani, na mizani inasoma zaidi ya kilo 100, yule kijana mwembamba. Anaambiwa apande tena. Ile ile. Mara ya kwanza tulicheka hapo, tukidhani mizani mbovu, kama zile za vijana wa stendi unazopima kwa shilingi mia ukajikuta umenenepa tangu asubuhi. Mwishoni, Tun akiwa peke yake ndani anapiga Polaroid kila upande akimtafuta, hampati. Kwa hasira anaitupa kamera, kamera inajipiga yenyewe ikimwelekea, na picha inatoka. Natre amemkalia mabegani. Alipanda siku nyingi.

Mtu aliyekulia pwani hahitaji maelezo marefu hapa. Tuna jinamizi, linalokukalia kifuani usingizini ukashindwa kuinua hata kidole huku macho yako wazi. Wathai nao wana daraja zao za phi, yaani mizimu, na anayeogopwa sana ni phi tai hong, roho ya aliyekufa kifo cha ghafla au cha ukatili. Huyo tiba yake inaeleweka: maiti ipate haki zake, watawa wasome, mwili uchomwe. Na picha inakupa hiyo tiba. Mama yake Natre amekaa na maiti ya mwanawe ndani ya nyumba bila kuizika, wanamfikia, mazishi yanafanyika hekaluni, moshi unapanda. Picha nyingi zingeishia hapo. Hii inaendelea, kwa sababu Natre hakuwa anadai mazishi.

Alichokuwa anadai kiko kwenye negativu alizozikuta Jane. Marafiki wa Tun walimbaka Natre ndani ya maabara, Tun akiwepo. Wakamwambia piga picha, ili asije akasema. Akapiga. Yaani katika picha zote zilizopigwa kwenye hadithi hii, yenye mzimu kwelikweli ni ile ambayo mzimu hauonekani ndani yake, kwa kuwa ndiye aliyeishika kamera. Mwaka 2004 hizo zilikuwa negativu, unaweza kuzificha kwenye droo. Leo mambo hayo hayafichwi hata kwenye droo, yanatumwa kwenye kundi la WhatsApp kabla ya adhana ya alasiri, na anayehama mtaa ni binti.

Nina ugomvi mmoja na picha yenyewe. Natre akiwa hai karibu hasemi. Tunamwona akitazama, akiinama, akikimbia, akilia. Sauti anaipata akishakufa, na hata hapo ni ya kututisha. Kilichompata kinatumika kama mshangao wa dakika za mwisho. Nikiiangalia sasa natamani wangemwachia tukio moja tu la kukaa na mtu na kuongea. Achita Sikamana, aliyemwigiza, angeliweza. Uso wake pekee unabeba nusu ya kazi.

Jambo moja la pembeni ambalo siwezi kuliacha. Ananda Everingham, anayeigiza Tun, ni mtoto wa mpiga picha wa kweli. Baba yake, John Everingham, Mwaustralia, alikuwa mwandishi wa habari wa picha kule Laos, akafukuzwa nchini, na mwaka 1978 akarudi kwa kupiga mbizi chini ya maji ya mto Mekong kumtorosha mpenzi wake wa Kilao. Huyo mpenzi ndiye mama wa Ananda. Kwa hiyo mpiga picha mmoja alihatarisha roho yake kumvusha mwanamke, na mwanawe akaja kujulikana kwa kuigiza mpiga picha aliyesema endesha.

Yote hayo niliyajua baadaye. Usiku ule wa diski mpya nilikuwa nangoja kitu kimoja tu, kuona Tun anaanguka, maana ndipo diski ya Kariakoo ilipokuwa ikikwama. Anapigana na kitu kilichoko mabegani mwake, anarudi nyuma, dirisha, anaanguka, na hapo deki ilikuwa ikilia kri-kri-kri na kuturudisha kwenye menyu ya picha kumi. Tulijua ndio mwisho. Alifanya, akafa, wamelipana.

Diski hii ikaendelea. Hospitali. Jane amekuja kumwona. Tun yuko hai, amekaa ukingoni mwa kitanda, mgongo umepinda, shingo imeinama mbele kama ya mchukuzi wa magunia sokoni. Jane anamtazama, anatoka. Mlango una kioo, na mlango unapofunga, kioo kinapita mbele ya kitanda.

Nilimpigia binamu yangu Morogoro, saa nne usiku. Nilimwambia hakufa.

"Nani hakufa?"

"Tun. Yuko hospitali. Na yeye bado yuko juu."

Akakaa kimya kidogo. Nikamweleza na mambo ya PAL na NTSC, ukuta, uso wa Jane, picha mbili kulaliana. Nilieleza vizuri kabisa, nadhani. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, kaka, nimekuelewa." Halafu akauliza ile diski ya zamani niliiweka wapi.

Nikamwambia iko kwenye gazeti lake, juu ya kabati.

"Iache hapo hapo," akasema.